Samaki mwenye vinundu asirudishwe majini, apelekwe maabara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo wavuvi na wachuuzi wa samaki wa upande huu wa Ziwa Victoria wanalifahamu vizuri, lakini hawapendi kulitaja mbele ya mnunuzi. Nalo ni samaki wa ziwani wanaotolewa majini wakiwa na vinundu, mabaka au vidonda kwenye ngozi na mapezi. Samaki wa namna hiyo akinaswa, ama hurushwa tena majini, ama huparwa, hukatwa vipande na kuingizwa sokoni bila mtu kusema neno. Kwa vyovyote vile, hakuna anayeandika mahali popote kwamba samaki huyo alionekana, siku gani na katika mwalo gani, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Maneno yanayomfuata samaki kama huyo ni mengi. Wapo wanaosema ni sumu ya viwanda, wapo wanaolaumu maji taka ya miji yetu, wapo wanaodai kwamba balaa lilikuja na vizimba vya kufugia ngege (tilapia), na wapo wazee ambao hawatoi sababu yoyote ila wanakataza tu asiliwe. Sikusudii kumdharau yeyote kati yao, kwa maana maji taka yapo na kila mmoja wetu anayaona yakiingia ziwani. Lakini vinundu vya ngozi vina maelezo yake ya kisayansi, ambayo ni ya zamani kuliko vizimba vyote vilivyopo leo, na mtu anayeishi kwa kuuza samaki anastahili kuyajua.

Ugonjwa wa ngozi wa virusi unaofahamika zaidi kwa samaki, wa baharini na wa maji baridi pia, huitwa limfosistisi, na umeshaonekana katika zaidi ya aina 100 za samaki duniani. Kirusi chake huingia ndani ya seli za tabaka la chini la ngozi, na badala ya kuziua papo hapo huzifanya zivimbe kupita kiasi. Seli moja, ambayo kwa kawaida haionekani bila hadubini, huweza kuongezeka ujazo mara makumi ya maelfu hadi ikafikia milimita moja au zaidi, ikaonekana kwa macho kama punje ya ulezi iliyobandikwa kwenye pezi. Vinundu hivyo huwa vyeupe, vya kijivu au vya waridi. Huota zaidi kwenye mapezi, mkia na midomo, na vikisongamana hufanya uvimbe wenye sura ya kutisha. Baada ya majuma kadhaa seli hizo hupasuka, virusi vikamwagika majini, na samaki mwenyewe mara nyingi hupona, hasa katika maji ya joto kama yetu. Dawa ya kuutibu haipo, na kwa samaki wa ziwani hata ingekuwapo isingekuwa na maana, kwa sababu hakuna anayeweza kulitibu ziwa zima.

Naomba msomaji atazame vizuri jinsi virusi hivyo vinavyompata samaki mwingine. Huenezwa kwa maji na kwa kugusana, na hupenya kwa urahisi zaidi pale ngozi ilipokwaruzwa. Samaki aliyesuguliwa na wavu wa kokoro kisha akaachiwa kwa kuwa ni mdogo, au aliyebanana na wenzake kwa saa nyingi mahali pamoja, yuko tayari kabisa kupokea ugonjwa. Ndiyo maana ile desturi ya kumrudisha majini samaki mwenye vinundu, ambayo wengi huifanya kwa nia njema kabisa wakiamini wamejiepusha na nuksi, ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Anayefanya hivyo amerudisha ziwani kiwanda kizima cha virusi kikiwa kinakaribia kupasuka, na wakati huohuo amelipoteza dhibitisho pekee ambalo mtaalamu angeweza kulichunguza.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Mwaka 1973 mtafiti Ilan Paperna alichapisha taarifa kuhusu limfosistisi katika samaki wa maziwa ya Afrika Mashariki, wakiwamo samaki wa jamii ya ngege na nkejje (samaki wadogo wa asili) wa Ziwa Victoria na Ziwa George. Wakati huo sangara, ambaye hapa Uganda tunamwita mputa, alikuwa bado hajalitawala ziwa kama alivyokuja kufanya katika miaka ya 1980, na nkejje walikuwa wengi mno. Vizimba vya ngege havikuwapo. Kwa hiyo anayedai kwamba vinundu vililetwa na wafugaji wa vizimba anawasingizia, ingawa, kama nitakavyoeleza, wafugaji hao nao wana sehemu yao ya wajibu.

Swali ambalo wateja huuliza kwanza ni kama anayemla samaki huyo atadhurika. Kirusi cha limfosistisi hakimwambukizi binadamu, awe amemla samaki au amemshika tu. Hata hivyo sitetei kumuuza kimyakimya. Kidonda kilicho wazi huingiwa na bakteria wa kila aina, na baadhi ya bakteria wa majini humpata mtu anayepara samaki kwa mikono yenye mikato, wakamwachia vidonda vinavyokawia kupona. Mama zetu wanaopara samaki mialoni kutwa nzima bila glavu ndio walio karibu zaidi na hatari hiyo, wala haihusiani na kirusi tunachokizungumzia. Samaki mwenye vinundu vichache vikavu ni suala la sura na bei. Samaki mwenye ngozi iliyooza asiuzwe kabisa, hata kwa chakula cha kuku.

Kama habari ingeishia kwenye limfosistisi, nisingekuchosha, Ndugu Mhariri, kwa sababu ugonjwa wenye sura mbaya unaopona wenyewe si wa kuandikiwa gazeti. Shida ni kwamba ngozi ya samaki huonyesha pia dalili za magonjwa yasiyosamehe, na mvuvi aliyezoea kutupa kila samaki mwenye kasoro atayatupa na hayo. La kwanza katika hayo, kwa nchi inayokula ngege kama yetu, ni kirusi cha ngege wa ziwani ambacho wataalamu hukifupisha TiLV. Kilitambuliwa na kuelezwa mwaka 2014 nchini Israeli, baada ya mavuno ya aina moja ya ngege wa asili katika Ziwa la Galilaya kuporomoka kutoka zaidi ya tani 300 mwaka 2005 hadi tani 8 mwaka 2009. Samaki walioambukizwa hugeuka weusi, ngozi yao huchubuka na kumomonyoka, macho hufunikwa na ukungu au hutumbuka, nao huacha kula. Katika mashamba mengine ya samaki vifo vimefikia asilimia 90. Mwaka 2017 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilitoa tahadhari maalumu kwa nchi zote zinazofuga au kusafirisha ngege.

Na sisi hatuko mbali nacho. Mwaka 2018 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa vinasaba uliogundua kirusi hicho katika ngege wa Ziwa Victoria, wa ziwani na wa kufugwa, upande wa Uganda na upande wa Tanzania. Samaki hao hawakuonyesha dalili za ugonjwa. Wapo watakaosoma sentensi hiyo wakashusha pumzi. Mimi naisoma kwa namna nyingine: kirusi kilichokwisha kupatikana ziwani bila kuleta madhara yanayoonekana ndicho kinachohitaji kutazamwa kila msimu, ili siku ngozi za ngege zitakapoanza kuchubuka tujue kama ni jambo jipya au ni lile la miaka yote. Bila kumbukumbu za miaka ya utulivu, mwaka wa balaa hautakuwa na cha kulinganishwa nacho.

Japani ilijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 2004 zaidi ya karpu 100,000 wasiofugwa walikufa katika Ziwa Biwa kwa virusi vya jamii ya hepesi, ambavyo huanza kwa mabaka yaliyopauka kwenye ngozi na ute mwingi, huku matamvua yakioza. Karpu tunao pia Uganda, katika mabwawa ya wafugaji, na sijapata kumsikia afisa yeyote akimwambia mfugaji dalili hizo zinafananaje. Kinyume chake, katika Ziwa Oneida, jimbo la New York, kuna virusi vinavyowaotesha samaki uvimbe wa ngozi kabla ya majira ya baridi, na uvimbe huo huanguka barafu inapoyeyuka, samaki wanapokusanyika kutaga, na hapo ndipo virusi husambaa kwa wengine. Mzunguko huo ulijulikana kwa sababu watu walimtazama samaki yuleyule mwaka hadi mwaka, wakaandika. Nani anaweza kutuambia kama ngege wetu huota vinundu zaidi wakati wa mvua, wakati wa upepo wa kusi, au wanapochimba viota vyao kwenye maji mafupi? Mvuvi wa Lwampanga au wa Katosi anaweza kuwa na jibu kichwani mwake, lakini hajawahi kuulizwa.

Marekani hiyohiyo imeonyesha kwamba kuuliza si kazi ngumu. Samaki fulani wa mitoni na maziwani walipoanza kuonekana na madoa meusi kama wino uliomwagika, watafiti waliyahusisha madoa hayo na virusi ambavyo havikuwa vimejulikana kabla, kisha wakawaomba wavuvi wa ndoano watume picha na mahali walipowavua, kwa kutumia programu ya simu. Simu za namna hiyo zimejaa kwenye mialo yetu. Tunazitumia kuulizana bei ya mabondo ya sangara.

Sitaki pia nieleweke kwamba kila doa ni virusi. Chawa wa samaki huacha alama nyekundu. Ruba nao vilevile. Vidoa vyeusi vinavyofanana na pilipili manga mara nyingi ni mabuu ya minyoo ambao hupitia kwa konokono na ndege wanaokula samaki. Ugonjwa wa vidonda ulioikumba mito ya bonde la Zambezi kuanzia mwaka 2006 na 2007, ukawatia hofu kubwa watu wa huko, ulisababishwa na kiumbe kinachofanana na kuvu, wala virusi havikuwamo. Na hapa kwetu, sangara wakubwa walipoelea wakiwa wamekufa mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, mitaani ilisemwa ni sumu, lakini Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi ilieleza kwamba ni upungufu wa oksijeni baada ya dhoruba kuyavuruga maji. Macho peke yake hayatoshi kutoa hukumu. Yanatosha kuita mtaalamu.

Tatizo ni kwamba mtaalamu haitwi, na sababu yake si ujinga. Wachuuzi wa umri wangu wanakumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga soko lake kwa samaki wa Uganda kwa hofu ya sumu, baada ya vizuizi vingine vilivyotangulia kwa ajili ya salmonela na kipindupindu. Viwanda vilisimama, boti zikalala ufukoni, na mtu ambaye hajawahi hata kuigusa sumu akakosa karo ya watoto. Tangu hapo tulijifunza kwamba habari mbaya kuhusu samaki ni bora ife papo hapo. Nadhani tulijifunza somo pungufu. Soko lile halikufunguliwa kwa sababu tulinyamaza; lilifunguliwa baada ya ukaguzi kuimarishwa, mialo kutengenezwa na vipimo vya maabara kuweza kuonyeshwa kwa mnunuzi.

Leo afisa wa uvuvi akifika mwaloni, hupima kama sangara amefikia inchi 20 na ngege inchi 11, hutazama leseni na matundu ya nyavu. Wanajeshi walioingizwa katika kazi ya kulinda ziwa mwaka 2017 nao walikuja kutafuta nyavu haramu na samaki wachanga. Sipingi, samaki wachanga wanahitaji ulinzi huo. Lakini ngozi ya samaki huyohuyo anayepimwa urefu haitazamwi, na fomu za kukadiria mavuno zinazojazwa mialoni hujali uzito, aina na zana. Kuongeza safu moja ya kasoro za ngozi kwenye fomu hizo ni jambo dogo sana: aina ya samaki, kilichoonekana, kiko wapi mwilini, na ni samaki wangapi kati ya waliotazamwa. Hiyo idadi ya waliotazamwa isisahauliwe, maana samaki watano wenye vinundu kati ya kumi ni habari tofauti kabisa na watano kati ya elfu moja.

Kisha iwepo njia ya kumfikisha samaki mwenyewe kwa wachunguzi. Jinja tumejaliwa kuwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Rasilimali za Uvuvi, na makao ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria linalounganisha nchi zetu yako hapahapa. Entebbe kuna maabara ya serikali ya magonjwa ya wanyama, na Makerere kuna chuo cha tiba ya mifugo chenye watu waliosomea magonjwa ya samaki. Wanachohitaji ni samaki mbichi aliyewekwa kwenye barafu siku hiyohiyo, kwa sababu aliyetiwa chumvi, aliyekaushwa juani au aliyebanikwa hawezi tena kutoa majibu yote. Mahali ambapo barafu haipatikani, kipande cha pezi kikitiwa kwenye spiriti kali ya maabara kitafaa kwa kipimo cha vinasaba (waragi haitoshi, hata ile inayochoma koo). Picha yenye rula pembeni, tarehe na jina la mwalo ikamilishe kazi.

Kwa wafugaji wa vizimba nina ombi la pekee. Vifaranga vya ngege husafirishwa kutoka vituo vya kutotolesha hadi ziwani, na kutoka wilaya hadi wilaya, vikiwa kwenye mifuko ya oksijeni, na kila mfuko hubeba maji ya mahali ulikotoka. Mnunuzi adai cheti cha afya cha vifaranga kama anavyodai risiti. Samaki waliokufa ndani ya vizimba wasitupwe nje ya wavu waliwe na wale wa ziwani. Wazikwe nchi kavu mbali na maji, pamoja na chokaa. Wapo wafugaji wanaofanya hivyo tayari, kwa gharama yao. Wengine huonekana alfajiri wakifanya kinyume, na majirani zao tunawajua.

Najua nitaulizwa gharama za haya yote atazibeba nani. Mvuvi hawezi kununua barafu na kulipa bodaboda hadi Jinja mjini kwa ajili ya samaki ambaye hatamwuza, na tukimtaka afanye hivyo kwa moyo wa uzalendo tu, atamrusha majini kama kawaida. Pendekezo langu ni kwamba sehemu ndogo ya ada tunazolipa kila mwaka kwa leseni za boti na za biashara ya samaki itengwe kwa kazi hii, mvuvi arudishiwe bei ya samaki na nauli, na majibu ya maabara yabandikwe kwenye ubao wa mwalo alikotoka samaki, kwa Kiswahili na kwa lugha ya watu wa pale, hata kama jibu lenyewe ni kwamba hakuna ubaya wowote. Naomba Kurugenzi ya Rasilimali za Uvuvi itujibu kupitia gazeti hili kama jambo hilo linawezekana, na kama haliwezekani, ni kifungu gani cha sheria au cha bajeti kinachozuia.

Wako mtiifu,
Mchuuzi wa samaki,
Mwalo wa Masese, Jinja, Uganda